Mwenzako akinyolewa, tia maji kisha piga hesabu

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinielemea. Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze juu ya kidevu. Usiondoke, kompyuta zitarudi tu.

Miezi miwili iliyopita mdogo wangu alijiunga na chuo kikuu. Shangazi yetu akampa zawadi ya wembe wa kisasa, mpini unaong'aa na kichwa chenye nyembe tano. Kijana akafurahi sana. Wiki ya tano akanipigia simu: "Kaka, nitumie mia nne." Za nini? "Za kichwa cha wembe, kile cha kwanza kimeisha makali." Nikatuma. Nilipokata simu nikajiuliza, hivi huyu ataombaomba hii mia nne mpaka lini? Jibu ni rahisi: mpaka ndevu zake ziache kuota.

Basi nikafanya kile ambacho mtu wa kompyuta hufanya akikasirika. Nikafungua lahajedwali.

Nimechukua mtu anayenyoa mara 3 kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka, kwa miaka 10. Bei ni zile nilizolipa mimi mwenyewe madukani hapa Nairobi, na nimezikadiria ziwe namba za kukata. Kwako zikiwa tofauti, badilisha namba, kanuni haibadiliki.

1. Wembe wa vichwa vya kubadilisha. Mpini pamoja na kichwa cha kwanza shilingi 900. Kila kichwa 400, kinadumu wiki 4. Vichwa 13 kwa mwaka ni shilingi 5,200. Miaka 10: takriban 52,900.

2. Wembe wa plastiki wa kutupa. Shilingi 50, unadumu wiki moja. Miaka 10: 26,000.

3. Mpini wa chuma wa kutia wembe wa makali mawili, ule wa babu. Mpini 2,500, wembe mmoja shilingi 15, unadumu wiki moja. Miaka 10: 10,300.

4. Mashine ya umeme. Shilingi 3,500, tuseme inakufa kila baada ya miaka 3, kwa hivyo utanunua nne. Miaka 10: 14,000. Na umeme je? Mashine ya wati 10, dakika 10 kila unaponyoa, inakula kama robo ya uniti kwa mwaka mzima. Sahau umeme.

5. Kinyozi wa mtaani. Shilingi 100, mara moja tu kwa wiki. Miaka 10: 52,000.

Tazama namba 1 na namba 5. Unajinyoa mwenyewe bafuni, kwa maji yako na sabuni yako, na bado unalipa kama mtu anayeenda kukaa kwenye kiti cha kinyozi kila Jumamosi, akapanguswa kwa taulo ya moto na kusimuliwa siasa za mtaa! Tofauti ni kwamba ile mia ya kinyozi inalipa kodi ya kibanda chake na karo ya watoto wake. Ile mia nne inapanda ndege.

Sasa linganisha namba 1 na namba 3. Tofauti ni shilingi 42,600. Kwa pesa hizo mwanafunzi anapata laptopu iliyotumika, tena nzuri.

Najua kuna atakayesema "mimi kichwa kimoja nakitumia miezi miwili". Sawa, nimekupa miezi miwili. Inakuwa shilingi 26,900. Bado ni zaidi ya mara mbili ya wembe wa babu.

Kwa nini basi watu wenye akili zao wananunua namba 1? Kwa sababu dukani macho yanaona bei ya kuingia, hayaoni bei ya kukaa. 900 inaonekana ndogo mbele ya 2,500. Hakuna rafu yoyote yenye kibandiko kilichoandikwa "52,900".

Historia yake inachekesha. Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya wembe wake mwaka 1904. Watu husimulia kwamba alikuwa akigawa mipini karibu bure ili auze nyembe. Si kweli. Muda wote hataza ilipokuwa hai aliuza mpini kwa dola 5, pesa nyingi kwa mfanyakazi wa siku hizo. Hataza zile zilipokwisha mwaka 1921 ndipo bei ikashuka na kila mtu akaruhusiwa kutengeneza mipini na nyembe za aina ile. Ndiyo maana leo wembe wa makali mawili kutoka kiwanda chochote duniani unaingia kwenye mpini wowote. Sisi watu wa programu tuna jina la kitu kama hicho: kiwango huria. Kiwanda kikipandisha bei, unahamia kingine, na mpini wako unabaki vilevile.

Baada ya hapo viwanda vikarudi kufunga mlango. Nyembe mbili kwenye kichwa kimoja mwaka 1971, tatu mwaka 1998, tano mwaka 2006, na kila toleo likija na hataza mpya na kiungio chake. Ukishanunua mpini, umechagua duka lako kwa miaka kumi bila kujua.

Na hizo nyembe tano zinatusaidia sisi? Wengi wetu tuna ndevu za kujikunja. Wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele ukiota unajipinda na kuingia kwenye nyama. Ndio vile vipele vya kidevuni na shingoni. Mdogo wangu sasa anavyo, na ameanza kununua mafuta ya kuvitibu. Hiyo gharama sijaiweka kwenye lahajedwali. Kama vipele vinakusumbua sana, chukua mashine inayoacha unywele mfupi juu ya ngozi, ingawa ni ghali kidogo kuliko chuma. Na lolote utakalochagua, wembe ni wa mtu mmoja. Ukimwi na homa ya ini havijali bei.

Nikiri na ubaya wa chuma: wiki mbili za kwanza utajikata, na uwanja wa ndege hawatakuruhusu kuingia na wembe ule kwenye mzigo wa mkononi. Hayo nayakubali.

Sasa turudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi. Miaka michache iliyopita mteja mmoja alinipa kazi ya printa za lebo za bei kwa maduka madogo. Printa iuzwe kwa hasara. Ila isome kijichipu kilicho ndani ya rola, na rola isiyo yake ikataliwe. Niliandika msimbo ule mwenyewe, mistari kama arobaini hivi. Niliona na hesabu yao: hasara ilikuwa inarudi mwezi wa tano, na baada ya hapo kila rola ni faida tupu. Nililipwa, nikashukuru.

Kisha siku moja nikajibu simu ya msaada. Mama mwenye duka ananiambia, "Mwanangu, printa imeharibika, inakataa karatasi." Haikuwa imeharibika. Ilikuwa ikifanya kile nilichoifundisha. Rola yake ilikuwa nzima, upana sawa, ila alikuwa ameipata kwa nusu ya bei. Nilimwambia atumie rola halali. Hilo neno "halali" linanikera mpaka leo.

Kwa hivyo ninaposema tunanyolewa, najua nani ameshika wembe. Mara nyingine ni mimi na wewe, tuliosomea sayansi ya kompyuta, tunaolipwa kuandika mistari arobaini. Kazi kama ile sitaifanya tena, na ningependa nawe ukatae. Mteja akitaka faida kutoka kwa rola, atengeneze rola nzuri kuliko za wengine.

Mdogo wangu nimemtumia mpini wa chuma na nyembe mia moja. Shilingi 4,000 kwa jumla, na hataniomba pesa ya wembe kwa karibu miaka miwili. Shangazi bado hajajua. Naomba msimwambie.

Tuonane wiki ijayo.