Kabla ya kumsaka mlozi, ulizeni tansiyo ya marehemu

Kalemie, mkoa wa Tanganyika. – Kilio cha mtu aliyekufa ghafla kina maneno yake, na kila mkaaji wa mji huu anayajua. Baba wa miaka hamsini amerudi kutoka kazini, amekula bukari yake, amesema kifua kinambana, akalala. Usiku ameanguka. Kabla maiti haijaoshwa, mtu mmoja pembeni ameshauliza: "Jana alikunywa kwa nani?" Mwingine anakumbuka ugomvi wa kiwanja. Wa tatu anamtaja bibi mmoja mzee wa nyumba ya jirani, yule asiye na mtoto wa kumtetea. Ikifika siku ya mazishi, vijana wanajua tayari nani ni mlozi na nani aliweka sumu.

Swali moja haliulizwi: tansiyo ya marehemu ilikuwa ngapi?

Haliulizwi kwa sababu jibu halipo. Mara nyingi marehemu hakupimwa hata siku moja katika maisha yake. Na pale jibu linapokosekana, ulozi unajaza nafasi. Hapo mji unapoteza mara mbili: baba amekufa kwa ugonjwa ambao pengine ungezuilika, na bibi anafukuzwa nyumbani kwake, au anapatwa na mabaya zaidi, kwa kosa ambalo halikufanywa na mtu.

Si kila kifo cha ghafla ni cha moyo, na sumu pia iko duniani. Lakini Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu karibu milioni 17.9 mwaka 2019, yaani karibu theluthi moja ya vifo vyote. Zaidi ya robo tatu ya watu hao waliishi katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Ugonjwa unaoua kiasi hicho unastahili kushukiwa kabla ya jirani.

Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe pia unahitaji kulishwa. Unalishwa na mishipa midogo inayouzunguka. Miaka ikipita, mafuta yanaganda ndani ya kuta za mishipa hiyo na njia inakuwa nyembamba. Mwenye ugonjwa anaweza asisikie kitu. Siku moja ganda la mafuta linapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Sehemu ya moyo iliyokosa damu inaanza kufa. Kwa anayetazama, mtu alikuwa mzima jana. Kumbe mishipa yake ilikuwa inaumwa miaka ishirini.

Kinachoiharibu mishipa hiyo kinajulikana. Mwaka 2004 utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52 kwa watu karibu 30,000, ulionyesha kwamba mambo tisa yanaeleza sehemu kubwa kabisa ya mishtuko ya moyo: sigara, mafuta mabaya katika damu, tansiyo ya juu, kisukari, unene wa tumbo, mawazo na mahangaiko, kula matunda na mboga kidogo, mwenendo wa pombe, na kutofanya mazoezi. Katika nchi tisa za Afrika zilizoshiriki, Kenya ikiwa mojawapo, matano tu ya hayo yalieleza karibu 90% ya mishtuko. Na kwa Waafrika weusi, uzito wa tansiyo ulikuwa mkubwa kuliko kwa wengine. Ulozi haukuhitajika ili hesabu itimie.

Hapo ndipo wengi mjini watapinga. Watasema huu ni ugonjwa wa wakubwa, wenye gari na tumbo, au ni ugonjwa wa Wazungu. Mzee wa kijijini hakuwa nao.

Kuhusu mzee wa kijijini, wana haki. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, magharibi ya Kenya, alichapisha vipimo vya Waafrika wapatao 1,000. Alikuta kwamba tansiyo yao haipandi uzeeni kama ya Wazungu. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1990 watafiti walichapisha habari za Wajaluo waliotoka vijijini, katika magharibi hiyohiyo ya Kenya, wakahamia Nairobi. Walipimwa na kulinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu, tansiyo ya waliohamia ilikuwa juu zaidi. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, moyo wao ulipiga mbio zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi kuliko wenzao. Kabila lilikuwa moja na damu moja. Kilichobadilika ni maisha.

Sasa mtu aitazame Kalemie. Huu ni mji wa watu waliohama. Reli na bandari ziliwaleta wa kwanza. Kisha vita kati ya Watwa na Waluba, vilivyopamba moto kuanzia mwaka 2016, vilisukuma maelfu ya watu kutoka vijiji vyao hadi kambi za Katanyika, Kalunga na kwingineko kandokando ya mji. Wengine wamerudi, wengine wamebaki mitaani. Mtu aliyekuwa na shamba lake, aliyetembea saa mbili kwenda na kurudi, aliyekula mboga bila kununua, leo anaishi chumba kimoja, ananunua kila kitu, na halali kwa mawazo ya kodi na ya watoto. Yale ya Nairobi hayako mbali na ya hapa. Kusema ugonjwa huu ni wa matajiri ni kumwacha huyo afe bila kupimwa.

Sufuria ya mjini nayo ina habari zake. Ziwa linatoa ndagala na mikebuka, na samaki mbichi ni chakula kizuri kwa moyo. Lakini anayefika kwenye sufuria ya mwenye kipato kidogo mara nyingi ni samaki wa chumvi. Juu yake sombe inatiwa chumvi tena, kisha Maggi mbili, ambayo nayo ni chumvi. OMS inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa chakula chake chote cha siku nzima. Ongeza mafuta ya mawese yanayorudiwa kukaangia mara nyingi, sigara ya rejareja, lutuku ya jioni, na pikipiki hata kwa safari ya dakika kumi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji utajiri.

Shida nyingine iko kwenye neno lenyewe. Mjini mtu akisema "nina tansiyo", ana maana anaumwa. Kwa hiyo mwenye nguvu anajibu: "Mimi sina tansiyo." Lakini kila anayepumua ana tansiyo. Swali ni ngapi. Ikipimwa mara kadhaa, kwa siku tofauti, ikakutwa 140 kwa 90 au zaidi, iko juu, hata kama kichwa hakiumi. OMS inasema karibu nusu ya watu wazima wenye tansiyo ya juu hawajui kwamba wanayo.

Nani anapimwa Kalemie? Mama mwenye mimba, akienda kliniki ya wajawazito. Baada ya kuzaa, wengi hawapimwi tena hadi mimba nyingine. Baba yeye hana mimba, basi hana siku yake ya kupimwa. Akienda kituo cha afya, anakwenda kwa malaria, anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani na tansiyo yake bila mtu kuijua.

Sababu inaeleweka. Kalemie ni mji wa kipindupindu, na kipindupindu kinaua kwa saa chache, kinapiga kelele, kinaleta mahema na magari ya mashirika. Moyo haupigi kelele. Lakini serikali ya mkoa na ofisi ya afya haziwezi kungoja wafadhili kwa jambo dogo kama hili. Mashine ya kupimia inatumika miaka mingi na inatosha kuhudumia watu maelfu. Agizo moja lingetosha kuanza: kila mtu mzima anayeingia kituo cha afya, kwa ugonjwa wowote, apimwe tansiyo bila kulipa, namba iandikwe kwenye karatasi yake na aambiwe maana yake. Makanisa, misikiti na washirika wa bandari wangeweza kuongeza siku moja kwa mwezi. Watu wa kupima wapo; wauguzi wengi vijana mjini hawana kazi.

Kupima bila dawa ni kumtisha mtu bure. Amlodipini na hidroklorotiazidi ziko kwenye orodha ya dawa muhimu za OMS, ni dawa za zamani na zisizo ghali. Ziwe kwenye vituo kila wakati. Na mgonjwa naye aache tabia ya kumeza wiki mbili, kujisikia vizuri, na kuacha. Dawa ya tansiyo si ya malaria. Ukiiacha, namba inapanda tena kimyakimya.

Na siku kifua kikimbana mtu, maumivu yakaenda mkono wa kushoto, mgongoni au kwenye taya, jasho baridi likamtoka, pumzi ikakata, familia imkimbize hospitali saa hiyohiyo. Si kwa mfumu kwanza, wala si kungoja asubuhi. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

Machifu wa mitaa, wachungaji na maimamu wanasikilizwa kwenye vilio kuliko daktari. Wao ndio wanaoweza kusimama pale minong'ono inapoanza na kuuliza mbele ya wote: "Ndugu yetu alipimwa lini?" Watu wakinyamaza, na mara nyingi watanyamaza, waseme neno la pili: watoto na ndugu wa marehemu wakapimwe kesho, kwa maana hatari hii inapita katika familia. Hapo bibi wa jirani atalala nyumbani kwake, na pengine mtoto wa marehemu atafika uzeeni.