Rejista Kabla ya Matokeo: Neno juu ya Shule za Montessori

Kila mara Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya Darasa la Saba, mabishano huzuka katika miji ya Mbeya na Iringa, tena hata ndani ya vyumba vya walimu. Tangu Januari 2023 Baraza halitangazi tena orodha ya shule kumi bora, lakini mazoea ya kuzipanga shule kama timu za mpira hayajatutoka. Katika mabishano hayo jina la Montessori halikosi kutajwa. Mmoja husema kwamba watoto walioanzia madarasa ya Montessori hufaulu kwa sababu ya njia ile. Mwingine hujibu kwamba hufaulu kwa sababu ya mifuko ya wazazi wao. Mimi naona wote wawili wametoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi wa kwanza, naye ni rejista ya darasa.

Ndugu mwanachuo, rejista inakuambia ni nani aliyeketi mbele ya mwalimu. Shule ya Montessori ya mjini aghalabu hutoza ada, na ada ni chujio. Mtoto anayepita katika chujio hilo huwa amekunywa uji asubuhi, amelala nyumba yenye taa, na huenda amekwisha kushika kitabu cha picha kabla hajamwona mwalimu. Sasa mfuate mwenzake wa Kilolo au wa Rungwe. Mama yake yumo shambani kabla jua halijachomoza. Mtoto anatembea katika ukungu na baridi ya Juni. Lugha aliyonyonyeshwa ni Kihehe au Kinyakyusa, na Kiswahili anakutana nacho kwa dhati siku ile anapoingia darasa la awali. Mpime kwa karatasi ileile ya mtoto wa mjini, kisha useme mwalimu wa kijijini hajui kazi. Je, hiyo ni haki?

Tena lipo jambo zito kuliko baridi na umbali wa njia. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa watoto wapatao 57 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni 30. Huu ndio mkoa unaovuna mahindi, viazi na maharage hata kulisha mikoa mingine! Mtoto aliyedumaa hujenga mwili na ubongo wake kwa upungufu, na upungufu huo huingia naye darasani. Mwalimu anayesoma matokeo bila kuliona hilo ni sawa na mganga anayempima mgonjwa homa bila kumwuliza amelala wapi.

Lakini nisieleweke kwamba njia haina kazi, na kwamba nasaba na mali ndizo zinazoamua yote. Historia yenyewe inakataa. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifungua Nyumba ya Watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Watoto wale walikuwa wa vibarua maskini, ambao wazazi wao walishinda kazini. Njia ambayo leo wengi huidhania kuwa ya watoto wa wakubwa ilizaliwa miongoni mwa wanyonge.

Tunawezaje basi kutenganisha kazi ya njia na kazi ya nyumbani? Huko Marekani zipo shule za Montessori za umma, nyingine zikiendeshwa kwa mkataba maalumu na serikali, zisizotoza ada. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura. Hapo watafiti walipata kipimo safi: waliopata na waliokosa wote ni watoto ambao wazazi wao waliitaka shule ileile. Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walifanya hivyo Milwaukee na kuchapisha matokeo mwaka 2006: watoto wa miaka mitano waliopata nafasi waliwazidi wenzao katika kusoma na hesabu za mwanzo. Mwaka 2017 Lillard na wenzake walitoa matokeo ya watoto 141 wa Hartford waliofuatwa miaka mitatu. La kututia moyo ni kwamba ndani ya shule hizo pengo kati ya watoto wa kipato cha chini na wenzao wa kipato cha juu lilipungua.

Hartford si Mufindi, nakubali. Hapa kwetu mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa darasa la awali, na sote tunajua madarasa yanayozidi idadi hiyo mara mbili au tatu. Katika msongamano huo kila mtoto hawezi kuachwa achague kazi yake na kuimaliza bila haraka, ambayo ndiyo roho ya njia hii. Anayekuambia kwamba vifaa pekee vitatosha anakudanganya. (Nilimfahamu mwanachuo aliyemaliza posho yake kwa kununua shanga za rangi, wakati punje za mahindi zilikuwa zimeanikwa uani.) Kuhesabu kwa punje, kufuatisha herufi kwa kidole juu ya mchanga, kumimina maji kikombe hadi kikombe: haya yanawezekana Tukuyu kama Roma, kwa kikundi cha watoto kumi huku wengine wakifanya kazi nyingine.

Kwa hiyo utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, usianze na wastani wa darasa. Wiki ya kwanza chora safu nne daftarini: mtoto anatoka umbali gani, amekula nini asubuhi, nyumbani wanasema lugha gani, na anajua herufi ngapi leo. Uliza kwa upole, na daftari hilo usiliache mezani. Wiki ya mwisho jaza tena safu ya nne. Mwalimu mkuu akikuuliza kwa nini darasa lako liko nyuma ya shule ya mjini, mfungulie daftari, mwonyeshe mtoto aliyeanza na herufi tatu na sasa anazo kumi na tisa, kisha mwombe mzungumze habari ya uji.