Reli: hesabu ya abiria inaanzia gare, si ofisini

Tani za mizigo, idadi ya vagoni, kilometa za reli zilizotengenezwa: hiyo ni hesabu ya ofisi, na ni ya lazima. Lakini mama anayengojea treni Kabalo, Nyunzu ao Kongolo na magunia yake ya mahindi ana hesabu yake. Amelala gare usiku ngapi? Siku aliyoambiwa ndiyo treni iliyofika? Amelipa bei ya tikiti ao na ya juu yake? Amepata pa kukaa? Magunia yote yamefika?

Ofisi inahesabu safari tangu treni inapoondoka. Abiria anahesabu tangu siku aliyotoka nyumbani. Katikati ya hesabu hizo mbili ndimo watu wanamalizia pesa na chakula cha watoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna walio na shida zaidi: wale ambao hawahesabiwi kabisa. Mwezi wa tatu 2022, treni ya mizigo ilianguka karibu na Buyofwe, jimbo la Lualaba. Watu wasiopungua 75 walikufa. Iliambiwa kwamba walikuwa wamepanda kwa kificho. Ilikuwa hivyo pia karibu na Kamina mwaka 2014, na Mayibaridi, Tanganyika, mwaka 2019: treni za mizigo, na watu wengi juu yake.

Kwenye karatasi hao si abiria. Lakini mtu hapandi juu ya mizigo kwa kupenda. Anapanda kwa sababu treni ya abiria haikuja, ao hana pesa ya tikiti, ao vita imemfukuza kijijini na barabara haipitiki. Kumwita mpandaji wa kificho hakujibu swali la kwa nini alipanda.

SNCC inaweza kuanza na daftari moja tu kwa kila gare, lijazwe na mkuu wa gare pamoja na mjumbe wa abiria: siku iliyotangazwa, siku treni iliyofika, watu walioachwa, watu walioonekana juu ya mizigo. Kisha redio za eneo zilisome kila juma.

Hiyo haitatengeneza reli. Lakini itakapofika siku ya kugawa pesa za reli, wale waliolala gare watakuwa ndani ya hesabu.