Marashi Hayajaisha, Pua Ndiyo Imezoea

Kwa ruhusa ya mhariri nataka kutoa maoni juu ya marashi. Mumesikia minong'ono kwamba yapigwe marufuku kabisa shuleni. Wako waliopiga makofi na wako walionuna. Mimi siungi mkono upande wowote, maana hakuna aliyeuliza kwa nini mtu ajipulize mara nne kwa siku moja.

Hebu tuitazame hali yetu sisi wa shule ya kutwa. Mtu atoka nyumbani alfajiri, asimama kwenye matatu iliyojaa hadi mlangoni, na akifika langoni sare imekwisha kulowa. Joto la Mombasa mwezi wa Februari si la kuhadithiwa. Saa nane mchana aona marashi ya asubuhi yamekwenda zake. Basi chupa yatoka mkobani, fyuu, fyuu! Jirani naye, "Nipe kidogo." Darasa la watu zaidi ya hamsini lageuka duka la manukato. Dawati la mbele yangu yuko mwenzetu mwenye pumu. Muhula uliopita alitoka nje vipindi vitatu vya hesabu kwa kukohoa. Je, hesabu hizo nani atamfundisha?

Na ajabu ni kwamba mara nyingi marashi yale hayajaisha. Harufu ikikaa puani dakika kadhaa, pua huizoea ikaacha kuisikia. Ndiyo maana hakuna aisikiaye harufu ya nyumba yake, lakini mgeni huisikia akiwa mlangoni. Wewe wadhani hunukii tena, kumbe dawati la tatu lakusikia vizuri. Kabla hujapuliza, muulize mwenzako. Hasimu wako ndiye bora, huyo hatakuficha!

Kuna wakati pia huwa yamekwisha kweli. Manukato mengi ya kupuliza ni mafuta yenye harufu yaliyochanganywa na spiriti, nayo spiriti huruka upesi. Harufu za ndimu na chungwa hutangulia kutoweka, za maua hufuata, na za miti kama msandali na udi hubaki saa nyingi. Kolonya huwa na mafuta hayo kiasi cha asilimia 2 hadi 5 tu, ilhali chupa iliyoandikwa eau de parfum huwa na kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Ukinunua kolonya ya limau ukataka ikufikishe saa kumi jioni, waidai deni isilokopa.

Tena ngozi kavu haishiki harufu. Oga, jipake mafuta ya nazi au yoyote uliyo nayo, kisha ndiyo utie marashi kidogo. Jasho nalo likiwa jipya halinuki sana. Vijidudu vya ngozini ndivyo vinavyolichachusha. Kupuliza marashi juu ya jasho la tangu asubuhi ni kuchanganya harufu mbili, na mchanganyiko huo sote twaujua.

Wazee wa mwambao walikuwa na njia yao. Nguo hutandazwa juu ya tundu la miti, chini yake chetezo chenye makaa na udi, moshi ukapanda taratibu. Nguo hushika harufu kuliko ngozi, kwa kuwa haina joto la mwili wala haitoi jasho lake yenyewe. Nyanya yangu hufukiza sare zetu Jumapili usiku kwa kijipande cha udi kama ukucha, nami Jumatatu jioni bado naambiwa nanukia. Wenzangu wengine hunicheka, ati nimetoka arusini. Na wacheke! Ila moshi nao haumfai mwenye pumu, kwa hivyo sisi hufukiza uani, kisha nguo zikalala kwenye kamba hadi asubuhi. Asiye na udi atumie mafuta ya uturi yasiyo na spiriti. Tone moja nyuma ya sikio latosha, na kichupa kidogo humaliza muhula.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: kupuliza darasani kukatazwe, tena leo, lakini mtu aliyejitia marashi kwao asiguswe. Na walimu wetu, nasema kwa adabu, mtu hawezi kuambiwa asinuke jasho wala asinukie marashi ilhali hana pa kunawa. Bomba la nyuma ya maabara limekauka tangu muhula wa pili. Twaomba maji dakika kumi tu, baada ya chakula cha mchana, tunawe kwapa na shingo, na anayetaka abadilishe fulana ya ndani. Siku bomba hilo litakapotoa maji, chupa yangu nitaiweka mwenyewe mezani kwa mwalimu wa zamu.