Asili Si Jina la Chuma

Nina deni kwa mdogo wangu, na deni lenyewe ni la makala.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kuhusu fundi mmoja wa mapambo anayeuza bidhaa zake pembeni ya barabara ya kwenda Ngorongoro, pale magari ya watalii yanaposimama kunyoosha miguu. Nilimsifu kwelikweli. Nikaandika "vito vya asili", nikaandika "urithi wa mababu", nikaandika mpaka mikono yake "inasimulia". Swali moja tu sikumuuliza: ule waya unaopita kwenye tundu la sikio ni wa madini gani?

Mdogo wangu aliisoma makala ile nyumbani Endabash. Akafunga safari, akanunua jozi ya hereni. Siku ya nne masikio yakaanza kumwasha. Wiki ya pili yakawa yanatoa maji. Akanipigia simu: "Dada, si wewe uliyeandika kwamba ni za asili?" Nilikosa jibu. Nilirudi kwa fundi, nikamuuliza lile swali nililopaswa kumuuliza mwanzoni. Akacheka. "Hiyo ni silva, dada. Silva ya kawaida. Vitu vya asili havina madhara."

Basi leo nataka kugombana na sentensi hiyo. Nagombana pia na sisi waandishi tuliompa.

"Silva ya kawaida" ni nini? Upo mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao Wazungu wameuita kwa miaka mingi fedha ya Kijerumani. Unang'aa kama fedha, lakini ndani yake hamna hata chembe ya fedha. Na nikeli ndiyo sababu kubwa ya mzio wa ngozi unaotokana na mapambo. Mwili ukishaizoea vibaya nikeli, hausahau: mzio huo kwa kawaida unabaki maisha yote, na mlango wake mkuu ni tundu la sikio. Ndiyo maana Ulaya waliweka sheria ya nikeli kwenye mapambo tangu 1994, na kipimo cha kitu kinachopita kwenye tundu la mwili ni kikali kuliko kile cha bangili au saa. Yule mtalii anayenunua hereni barabarani kwetu, nchini kwake analindwa na sheria. Mdogo wangu alikuwa analindwa na makala yangu. Ulinzi gani huo, jamani!

Sasa tuje kwenye hilo neno "asili". Wanaolitumia wanataka tuamini kwamba mababu walivaa chochote kilichokuja, bila kuuliza, na kwamba kuuliza ni tabia ya kisasa. Ni uongo, na historia inawaumbua.

Shanga za kioo hazijawahi kuwa zao la ardhi yetu. Zilitoka Venisi, zikatoka India, baadaye zikatoka Bohemia, kule kwenye nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki, na mpaka sasa shanga za Cheki ndizo wanazozitamani mafundi wengi. Ukitaka shanga ya asili kwa maana ya kuzaliwa hapa, nenda kwenye mapango ya Mumba kando ya Ziwa Eyasi, humuhumu wilayani Karatu. Huko wataalamu wa mambo ya kale walichimbua shanga za ganda la yai la mbuni, zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Zile za kioo zote ni wageni waliopewa uraia.

Kilichokuwa chetu ni kuchagua. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kutoka pwani hadi Tanganyika, aliandika katika kitabu chake cha 1860 kwamba shanga za biashara zilikuwa za aina zipatazo 400. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa nyekundu, samsam, na moja ya majina yake aliliandika kama kimara-pamba, kwa maana kwamba mtu angeacha hata chakula chake ili aipate. Mwaka 1871 Henry Stanley alipokuwa Zanzibar akijiandaa kumtafuta Livingstone, shanga zilimuumiza kichwa. Nyeusi zilipita Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Wanyamwezi walitaka nyekundu. Zile kubwa mfano wa yai zilikubalika Ujiji, ila kwingine ukizitoa unarudishiwa. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mzigo usionunua hata kibaba cha nafaka.

Hebu fikiria. Tajiri mwenye bunduki na mamia ya wapagazi anatoka jasho kwa sababu mwanamke fulani bara ataishika shanga yake, ataigeuza, kisha atasema: hii hapana. Huyo ndiye bibi yetu. Urithi aliotuachia ni ule mkono unaogeuza shanga kabla ya kuikubali. Anayetuambia "ni asili, usiulize" anamtukana bibi huyo huku ametundika picha yake dukani.

Bibi yangu mwenyewe, Mwiraqw wa Endabash, alikuwa na bangili ya shaba ya manjano aliyoifua mhunzi wa Kidatoga wa upande wa Eyasi. Wahunzi hao wapo mpaka leo. Wanayeyusha kufuli mbovu, koki za maji na vyuma chakavu kwa moto wa mkaa na viriba vya ngozi, wanamimina, wanafua, wananakshi. Mhunzi nilienda kumwona, safari hii nikiwa na maswali. Akanionyesha lundo lake: hizi kufuli, hii koki, hili sufuria la alumini. Hakuficha kitu. Nilipomwomba anitengenezee hereni za shaba ileile, akasema bangili sawa, ila kwa tundu la sikio nitafute fedha.

Yule ndiye fundi. Anajua kilichomo na anajua mahali pake. Shaba ya kufuli na koki mara nyingi huwa na risasi kidogo, iliyowekwa kiwandani ili ichongeke kirahisi. Kwenye mkono wa mtu mzima inafaa. Itaacha alama ya kijani, utasugua kwa ndimu na majivu kama alivyofanya bibi, maisha yanaendelea. Lakini usimvalishe mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni. Kwenye tundu la sikio weka fedha halisi, ile ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, au titani, au dhahabu. Chuma cha pua, stenlesi, kina nikeli lakini kile kizuri kinaiachia kidogo sana. Wengi wanakivaa salama, ila aliyekwisha kupata mzio awe mwangalifu.

Na shanga? Iguse shavuni. Kioo ni baridi na kizito, plastiki ina uvuguvugu. Chungulia kwenye tundu: kama rangi iko nje tu na ndani ni nyeupe au wazi, uliza kama imepakwa. Kumbuka, zipo shanga za heshima zenye moyo mweupe chini ya kioo chekundu, kwa hiyo usihukumu kwa jicho peke yake. Loweka chache usiku kucha, kisha zisugue kwa kitambaa cheupe. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, itabaki na kwenye shingo. Ukiwa na sumaku, ipeleke kwenye "shaba" unayouziwa: ikinasa, ndani kuna chuma kilichochovywa.

Najua utetezi wa mafundi, nimeusikia wote. Mteja anataka rahisi. Vifaa vinatoka mjini kwenye vifuko visivyo na maandishi. Kweli kabisa. Ila ndugu yangu fundi, waya wa sikio ni sehemu ndogo mno ya hereni. Tengeneza pambo lenyewe kwa shaba, shanga, pembe, chochote upendacho, halafu huo waya mfupi uwe wa fedha. Bei ikipanda, sema kwa nini imepanda. Na kama hujui ulichonunua, usikipe jina la fedha. Sema sijui. "Sijui" haimuumizi mtu sikio.

Nimalizie kwetu sisi wa kalamu, maana ndiko deni liliko. Soma hadithi zetu, soma tahakiki na makala zetu: mhusika amevaa "shanga za rangi rangi", amevaa "bangili za kiasili". Basi. Wapagazi wa Burton walikuwa na majina ya shanga ya kumaliza ukurasa. Sisi wenye digrii tumebaki na "rangi rangi". Mwandishi asiyejua kitu anachokitaja anajaza pengo kwa sifa, na sifa zile zinakwenda kuuza bidhaa, na bidhaa inakwenda kwenye sikio la mtu. Msidhani uvivu wa maneno unaishia kwenye karatasi.

Ninachodai ni kidogo. Kila pambo litoke na kikaratasi chenye mistari mitatu: madini gani, shanga gani, uzi gani. Kila anayeandika kuhusu pambo aulize hayo matatu kabla ya kufika kwenye "urithi".

Mdogo wangu amepona. Matundu yameziba, moja limeacha kovu gumu kama punje ya mtama. Mwezi uliopita nilimpelekea hereni nyingine, waya wa fedha, shanga nyekundu za Cheki. Alizigeuza mkononi kwa muda mrefu, akachungulia tundu la shanga, akauliza nimezinunua kwa nani na kama nilimuuliza.

Nilimuuliza. Bado hajazivaa.