Gonga ukuta kabla hujafungua mkebe wa rangi

Wahenga walituamuru tuzibe ufa, ila hawakutueleza tuuzibe kwa kitu gani. Ndiyo sababu kila Desemba utawaona watu wa Eastlands wakitoka dukani na mkebe wa lita 4. Hupaka Jumamosi, hupokea wageni wa Krismasi, na kufikia Pasaka ukuta umeanza kubanduka magamba. Pesa zimekwenda. Na kama wewe ni mpangaji, siku ya kuhama mwenye nyumba atakuonyesha magamba yayo hayo huku akikata diposti yako.

Basi leo, msomaji mpenzi, weka brashi kando kwanza. Chukua sarafu ya shilingi 20, ugonge ukuta kwa ukingo wake, polepole, kutoka chini hadi juu. Palipo pazima patatoa sauti nzito. Mahali plasta ilipoachana na jiwe patalia kama debe tupu. Patie alama ya penseli. Plasta ya namna hiyo haiponi kwa kupakwa rangi. Itoe yote kwa patasi hadi ufikie ile iliyoshika barabara, hata shimo likiwa kubwa kuliko ulivyotarajia.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni maji. Katika nyumba nyingi za Umoja na Kayole, ukuta wa chumba cha kulala ndio pia ukuta wa bafu la jirani. Ukiona madoa ya kahawia, au unga mweupe kama chumvi, usikimbilie saruji. Kata kipande cha nailoni angavu, upana wa futi moja kila upande, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne. Kiache siku 2. Matone yakionekana upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe: bomba linavuja, au bafu la jirani halikuzibwa vizuri. Yakiwa upande wa nje, kosa ni la mvuke wa chumba chenu, yaani sufuria zinazochemka bila kifuniko na nguo mnazoanika ndani. Hapo dawa ni kufungua dirisha.

Bomba la jirani si kazi yako. Piga picha, umwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Ule unga mweupe upanguse kwa brashi kavu. Ukiuosha, maji yatauyeyusha na kuurudisha ndani. Kuvu nyeusi, ile inayowakohoza watoto wenye pumu, huoshwa kwa kikombe kimoja cha dawa ya kung'arisha nguo nyeupe katika lita 4 za maji. Vaa glavu, fungua madirisha, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Sasa nyufa. Sehemu kubwa ya Eastlands imekalia ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu. Udongo huo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na nyumba hupanda na kushuka nao. Ufa uliouziba mwezi wa Mei kwa saruji ngumu waweza kufunguka tena Februari, na hapo fundi hutukanwa bure. Tia penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, uandike tarehe. Usiposogea kwa miezi kadhaa, zibeni. Ukirefuka, ukipanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, au ukipitisha kidole, huo si wa mpaka rangi, mwiteni mhandisi.

Ufa mwembamba upanue kwanza kwa ncha ya patasi, utoe vumbi, uulowanishe kidogo, kisha ushindilie fila. Penye mchezo wa udongo, tumia ile ya tyubu inayonyumbulika, au bandika utepe wa wavu juu yake. Mashimo makubwa yanataka plasta: sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga safi wa mto. Mafundi wengine huzidisha saruji wakidhani ndiyo nguvu. Kinachopatikana ni kiraka kigumu kinachojitenga na ukuta. Paka tabaka lisilozidi sentimita 1, likwaruze, uongeze jingine kesho yake. Nyunyizia maji kwa siku 3.

Mitaa ya zamani kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, na hata Buruburu ya miaka ya 1970, ina matabaka ya rangi ya mafuta ambayo huenda yana madini ya risasi. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hivyo usisugue pakavu. Tumia msasa wa maji, watoto na mama mjamzito wakae kwa jirani, na vumbi ulifute kwa kitambaa chenye maji badala ya kulifagia. Ukuta wa jikoni uoshe kwa sabuni kabla ya kuusugua, maana fila haishiki juu ya masizi.

Kiraka kikikauka, kipake mkono mmoja wa rangi ya maji iliyozimuliwa, la sivyo kitanyonya rangi na kuacha baka. Lakini rangi ya mafuta isiguse plasta mpya kabla ya wiki 4, kwa kuwa saruji mbichi huichoma. Nazo mvua za vuli huchelewesha ukaukaji. Anayetaka sebule inayong'aa siku ya Krismasi amwite fundi wa plasta mwezi wa Oktoba.