Spika ni za mwenye nyumba, amri ni ya mwingine

WALIONUNUA redio za sebuleni miaka iliyopita walikuwa na hakika ya jambo moja: chombo kilichocheza jana kingecheza leo, mradi umeme uwepo. Hakika hiyo imeanza kutoweka, na visa viwili vilivyotokea Marekani vinadhihirisha sababu yake.

Vyote vinahusu mitambo inayogawa nyumba katika maeneo ya sauti. Mwenye nyumba husikiliza taarifa ya habari jikoni huku watoto wakiburudika kwa muziki sebuleni. Akitaka, huziunganisha spika zote zitoe wimbo mmoja kwa wakati mmoja.

Hilo la mwisho ndilo gumu, kwani spika moja ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, sikio husikia mwangwi. Kampuni ya Sonos, iliyoasisiwa California mnamo 2002, ilijipatia sifa kwa kutatua tatizo hilo kupitia mtandao wa nyumbani, bila kutandaza waya za spika kutoka chumba hadi chumba.

Mnamo Januari 2020, Sonos iliishtaki Google kwa madai ya kutumia uvumbuzi wake bila idhini. Miaka miwili baadaye, Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kuwa Google ilikuwa imekiuka hataza tano. Ili bidhaa zake zisizuiwe kuingia nchini humo, Google ikabadilisha programu yake.

Walioumia ni wateja waliokwisha kulipa. Hawangeweza tena kupandisha au kushusha sauti ya kundi zima la spika kwa pamoja, ikawalazimu kushughulikia moja baada ya nyingine.

Mei 2023, jopo la raia waliosikiliza kesi jijini San Francisco liliamua kwamba Google iilipe Sonos dola milioni 32.5. Oktoba mwaka uo huo, Jaji William Alsup aliufuta uamuzi huo, akisema Sonos ilikawia mno kudai haki zake, nayo Google ikatangaza kwamba ingerejesha huduma ilizoondoa. Agosti 2025, mahakama ya rufaa ikaitengua hoja hiyo ya kukawia. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Hata hivyo, Sonos nayo haikuwatendea wateja wake vyema zaidi. Mei 2024 ilitoa programu mpya ya simu iliyokosa huduma walizozizoea watu, zikiwemo za kupanga kengele ya kuamsha na muda wa muziki kujizima. Malalamiko yakazagaa. Mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, aliomba radhi Julai mwaka huo, na Januari 2025 akaondoka. Kampuni yenyewe ilikadiria kuwa kurekebisha kosa hilo kungegharimu kati ya dola milioni 20 na 30.

Katika visa vyote viwili, hakuna spika iliyoharibika. Kilichobadilika ni maagizo yanayotumwa kutoka mbali, na mteja hakuulizwa. Ni kweli kwamba maagizo hayo hayo huziba mianya ya wadukuzi na kuleta huduma mpya. Lakini mlango unaopitisha manufaa ndio unaopitisha hasara, na mwenye nyumba hana ufunguo wake.

Kwa anayejenga, ipo njia ya zamani isiyotegemea kampuni yoyote: waya. Kila eneo hupewa amplifaya yake, na waya hupitishwa ukutani kabla ya plasta kupigwa, mbali na nyaya za umeme. Kadiri chumba kilivyo mbali, ndivyo waya unavyopaswa kuwa mnene. Aidha, spika nyingi zisifungwe ovyo kwenye amplifaya moja, kwani hupata joto kupita kiasi na kuungua. Baadaye kifaa cha kisasa kinaweza kuunganishwa mbele ya mtambo huo, na kikikosa msaada wa mtengenezaji, hung'olewa peke yake.

Hata hivyo, mpangaji hawezi kuchimba kuta za wenyewe, na kwake waya si jawabu. Huyu anahitaji kinga ya sheria. Nchini Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, watengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti hulazimika kutaja muda wa chini ambao watavipa masasisho ya usalama.

Kenya haianzi patupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Muda ambao spika itaendelea kuhudumiwa ni habari ya aina hiyo hasa, nao wauzaji wanapaswa kuitaja waziwazi kabla ya kupokea pesa. Mnunuzi naye asisubiri kuambiwa. Kabla ya kuuliza bei, aulize chombo hicho kitafanya nini siku intaneti itakapokatika, na siku aliyekiunda atakapobadili nia.